Wifi Yangu Hana Homa

Kaka yangu ni kinyozi, na si kinyozi wa kubahatisha. Kuna wanaume wanaovuka mitaa, wakiwapita vinyozi wengine njiani, ili tu achonge ndevu zao yeye. Ana kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kimoja kikubwa kilichopasuka pembeni, na mkono mwepesi hata wazee husinzia chini ya wembe wake. Saluni ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, kinachotazama barabara. Chumba cha nyuma ndicho analala na mkewe. Katikati kuna ukumbi, na ukumbini kuna cherehani yangu, kiti cha mama, na mlango wa bafu. Ndani ya bafu hilo, kila alfajiri kabla kaka hajafumbua macho, wifi yangu alikuwa akijinyoa ndevu.

Nasema ndevu kwa sababu ndizo. Wa nyumbani kwetu ukiwauliza watakwambia "vinyweleo" au "ile hali yake", maana kwetu maneno huvishwa nguo kabla ya kutoka nje. Zilikuwa ndevu, nyeusi na ngumu, kidevuni na chini ya taya. Alizinyoa bila kioo, kwa kupapasa, kwa wembe uliochakaa wa saluni, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, bomba kalifungua kidogo tu ili asisikike. Akimaliza anajipaka mafuta, anafunga mtandio kuanzia kwenye paji la uso hadi chini ya kidevu, ndipo anatoka kuwasha jiko. Yote hayo ndani ya nyumba ya kinyozi. Angekuwa mke wa seremala ningeelewa.

Kazi yake ilikuwa ualimu wa chekechea. Watoto walimwita Mwalimu Mtandio, kwa kuwa hata jua liwe linachemsha ubongo, mtandio wake haukushuka. Mtaani waliendelea kumwita bi harusi. Lilianza kama utani wa siku za ndoa, na lilipaswa kufa siku atakapojifungua, aitwe mama fulani kama wenzake. Mtoto hakuja, na jina likabaki. Alifika umri wa kuota mvi, na muuza mkaa akimwona bado anaita, "Bi harusi, leo huchukui?" kwa nia njema kabisa. Yeye anatabasamu, anachukua mkaa wake, anaondoka.

Shida yenyewe ilianza akiwa msichana. Siku zake zilikuja zinapotaka, zikaondoka zinapotaka, miezi mingine hazikuonekana kabisa. Uso ukajaa chunusi, mwili ukanenepa hata akila kama ndege. Mama yake mzazi alimwambia akiolewa vitakaa sawa, maana akina mama wengine wanaamini ndoa ni dawa ya kila kitu isipokuwa umaskini. Akaolewa na kaka, wakapendana kwelikweli, na hakuna kilichokaa sawa.

Akaenda hospitali, peke yake. Alipakwa mafuta baridi tumboni, akapitishiwa kile kidude cha kupigia picha, kisha daktari akamwambia ana vifuko vidogo vidogo kwenye ovari, homoni za kiume ziko juu, mayai hayapevuki inavyotakiwa. Apunguze uzito. Akitaka mtoto, arudi. "Wanawake wengi wanayo hii," daktari akasema huku akiandika, kana kwamba wingi wao ni tiba, halafu akaita anayefuata. Hakumuuliza kama analala. Hakumuuliza kama kuna siku anajifungia chooni shuleni akalia hadi kengele igongwe. Wifi aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameyaandaa majibu ya maswali hayo njia nzima, akarudi nayo.

Jioni akamwambia kaka, "Wamesema ni homoni."

"Homoni tu?" kaka akauliza. "Basi, tutaona."

Akangoja aulizwe la pili. Kaka yangu mkononi ana ufundi, mdomoni hana kitu. Alimuuliza kama chai ipo.

Mama ndiye aliyetoa amri. Alituita mimi na kaka, akafunga mlango wa ukumbi, akasema kwa sauti ya chini, "Msimuulize kitu huyu binti. Mzigo alionao unamtosha. Tumsitiri."

Neno hilo siku hizi likitajwa nasikia kichefuchefu. Nimelelewa nalo, na silikatai. Mwenzako nguo ikimchanikia njiani, unamfunika na yako, na huulizi imechanikaje. Lakini mama alikuwa na kipaji cha kusitiri kuliko watu wote ninaowafahamu, na mke wa mwanawe akawa kazi yake kubwa. Tangazo la sabuni ya watoto likitokea kwenye televisheni, mama anabadilisha. Mgeni akianza, "Na huyu bi harusi wetu, vipi, bado?" mama anamkanyaga mguu chini ya meza. Wifi akitoka chumbani macho yamevimba, sote tunaanza kuzungumzia bei ya sukari.

Nilipopata mimba, mama alinikataza nisimwambie. Nikashona magauni mapana kama mapazia, nikawa napitia mlango wa nyuma. Aliyemwambia ni muuza mkaa. "Hongera, bi harusi, naona wifi yako ana mzigo." Akaja hadi kwenye cherehani yangu, akasimama, mfuko wa mkaa bado mkononi.

"Kwani mimi nina kijicho?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, ni mama tu. Akatikisa kichwa, akaenda jikoni. Mwanangu alipozaliwa, alimsikia akilia kupitia ukuta wa chumba changu na mama kwa siku kadhaa kabla mtu hajamwambia njoo umwone. Alimwona, akamsifu, akamrudisha haraka haraka, kwa kuwa mama alikuwa amesimama mlangoni anamwangalia kwa huruma.

Sasa nisimulie la mkono wa kaka, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoanza kuoza.

Mwanzoni mwa ndoa kaka alikuwa na mchezo. Akipita jikoni anamshika mkewe kidevu kwa vidole viwili, anamwinua uso, anamwambia, "Mwalimu, nimefaulu?" Naye anamjibu, "Umefeli, rudia." Mimi nilikuwa nikiona aibu, natazama pembeni. Siku moja akamshika alasiri, saa ambayo zilizonyolewa alfajiri zimeshaanza kurudi. Vidole vya kaka yangu, ukimpa shavu la mtu gizani atakwambia limenyolewa leo au jana, na wembe gani. Wifi akaruka nyuma. Kaka akaondoa mkono, akauliza kama chai ipo. Tangu siku hiyo hakumgusa tena uso.

Baada ya hapo, pakiti ya nyembe mpya ikatokea juu ya kidirisha cha bafu. Ikiisha, inakuja nyingine. Kaka mwenyewe anajinyoa kwa mashine saluni kwake, hana haja ya wembe bafuni. Wifi akaelewa, au akadhani ameelewa: mume hataki tena nyembe zake za kazi ziguswe na yeye, amemtengea zake, kama watu wanavyotenga kikombe cha mgonjwa. Alizitumia kila alfajiri, na kila alfajiri alijisikia mchafu. Kaka kwa upande wake alikuwa akitembea mtaani kifua mbele, kwamba yeye ni mume mwenye stara, amejua na hajasema, amenunua na hajauliza. Nilikuja kusikia pande zote mbili, na nilitamani kuwagonganisha vichwa.

Pahali pamoja tu wifi alipumua, na hapo ni darasani. Niliwahi kumpelekea sare nilizoshona, nikasimama dirishani nikamkosa. Yule mwanamke aliyekuwa kwenye mkeka, anaiga lori linalopanda mlima, watoto wamemdandia mgongoni, sikumjua. Watoto wale walimwambia lolote lililowajia. "Mwalimu, umenenepa." "Mwalimu, leo unanuka kitunguu." Naye anajibu, "Kweli eh? Kitunguu kibichi au cha kukaanga?" na wanajadiliana. Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kujadiliana naye hata pua yake.

Kulikuwa na binti mmoja mdogo waliyemwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Siku moja baada ya mchezo Kasuku alisinzia begani kwa mwalimu, mkono ukateleza ndani ya mtandio. Akaamka, akapapasa vizuri, akatangaza.

"Mwalimu, una ndevu. Zinachoma kama za babu."

Wifi alinihadithia kwamba moyo ulisimama, halafu ukaendelea, kwa kuwa hakuna lililotokea. Watoto walitaka tu kujua kama ni kweli. "Zinachoma eh?" akamwambia Kasuku. "Haya, shuka, umenilalia bega limekufa ganzi." Wakaimba wimbo wa kufunga, na alisema alikuwa anajihisi mwepesi, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Kengele ya kurudi nyumbani ikagongwa. Getini wamejaa mama zao. Kasuku akamkimbilia mama yake na habari yake motomoto, mbele ya wote.

"Mama, mwalimu ana ndevu."

Mama yake alimfinya mkono hadi mtoto akapiga yowe. "Samahani, mwalimu," akasema, amekaza tabasamu, "huyu mtoto anaota mchana." Kina mama wengine wote, kwa pamoja, wakainamia mikoba yao kutafuta funguo. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa afadhali, angalau kicheko ungekijibu.

Kesho yake mwalimu mkuu, mwanamke mpole, akamwita ofisini. "Mwalimu, naona umechoka sana siku hizi," akamwambia. "Kaa stoo kidogo, utusaidie na vifaa. Watoto wanachosha." Hakutaja ndevu, hakutaja wazazi, hakutaja chochote. Wifi akakaa stoo, kati ya viti vilivyovunjika na makopo ya rangi, anasikia kupitia ukutani darasa lake likifundishwa wimbo wake na mwalimu mgeni, kwa sauti isiyo yake. Alivumilia muda kidogo. Kisha akarudi nyumbani mchana mmoja, akalala, na asubuhi hakuamka kwenda kazini. Hakuamka na iliyofuata.

Mama akatangaza kwamba ana homa.

Shule ilipopiga simu, ana homa. Majirani walipouliza, ana homa, inakuja na kuondoka. Aliusema uongo huo kwa ustadi hadi ukamwingia mwenyewe, siku moja akanituma dukani nikanunue dawa za homa. Nikamwambia, "Mama, homa si umeitunga wewe?" Akanitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini, akasema, "Nunua tu, haidhuru."

Aliyekuwa chumbani hakuwa na joto lolote mwilini. Alilala ameelekea ukuta, mtandio kichwani hata kitandani, hata akilala na mumewe. Kuoga hakuoga. Siku nyingine hakula kitu, siku nyingine nakuta amemaliza mkate mzima peke yake na analia kwa aibu. Alipoacha kuoga aliacha na kunyoa, ndiyo maana mtandio ukawa unapanda kila siku, mwisho macho tu yakawa nje. Kaka alikuwa anaingia kwa kunyata, anamwekea chai, anatoka kwa kunyata. Nilimuuliza kaka anasemaje naye. Akasema, "Namwacha apumzike."

Mchana mmoja nilimpelekea maji. Akayanywa, akanirudishia glasi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniagiza sokoni, "Wifi, nikifa mtasema nilikuwa na homa."

Nilitoka mle chumbani. Niliogopa, nakiri, sijawahi kuogopa vile, kwa kuwa ilikuwa kweli. Kichwani nilishamwona mama amesimama uani kwenye turubai la msiba anawaambia waombolezaji ilikuwa homa, na waombolezaji wanatikisa vichwa. Nikaenda moja kwa moja saluni. Kaka alikuwa na mteja, bwana mmoja mnene, uso umejaa povu, upande mmoja umeshanyolewa. Sikungoja.

"Kaka, mkeo anazungumza habari za kufa. Na wewe uko hapa unachonga watu."

Kaka aliweka wembe chini, akaondoka bila hata kufuta mikono. Yule bwana akabaki kwenye kiti na nusu ya ndevu zake.

Chumbani hayupo. Mlango wa bafu ulikuwa umefungwa, na ndani hakukuwa na sauti ya maji.

"Mwalimu," kaka akaita, akagonga. "Mwalimu, ni mimi." Akasukuma mlango kwa bega, komeo likang'oka.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo. Mtandio uko mapajani, na juu ya mtandio ile pakiti ya nyembe, haijafunguliwa. Miaka yote niliyokaa nyumba moja na wifi yangu, siku ile ndiyo niliona uso wake mzima. Ndevu zilikuwa zimejaa. Alikuwa mzuri na amechoka sana.

"Nipe hiyo," kaka akasema, mkono mbele.

"Chukua. Si zako? Ulinitengea."

"Nilikutengea nini?"

"Nyembe. Ili nisiguse zako."

"Nilikununulia," kaka akasema. "Niliona zile unazotumia ni butu, zinakukata. Nikakununulia nzuri."

"Kwa hiyo ulijua."

"Mimi kinyozi, mwalimu. Nitakosaje kujua?"

"Na mkono ukauondoa."

"Uliruka kama nimekuunguza. Nikasema, kumbe hataki nijue. Nikaona nikusitiri."

Wifi akamwangalia. Hakupandisha sauti.

"Anayesitiriwa ni maiti," akasema. "Mtu akifa ndiyo mnakwenda kumsitiri. Mimi mmenisitiri nikiwa hai, wewe, na mama, na shule nzima. Niko chini huko nasikia mnavyotembea juu."

Kaka alikaa kwenye sakafu ya bafu, suruali ikaloa, akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata baba alipofariki. Nilitaka kuondoka, nikashindwa, nikabaki nimeshika mlango uliong'oka komeo.

"Ulitaka kufanya nini na hizi?" akamuuliza.

"Sijui. Nilikuja kunyoa. Nikaona sina wa kumnyolea."

"Unataka kufa?"

Swali lenyewe halijawahi kuulizwa ndani ya nyumba ile, hata kwa mzaha.

"Siku nyingine," akasema. "Leo asubuhi nilitaka. Sasa hivi nimechoka tu."

Kaka aliichukua pakiti, akaitia mfukoni. "Hizi nakaa nazo mimi," akasema. "Ukitaka kunyoa, niite. Usipotaka, usinyoe, sikudai." Akafuta pua kwa mkono wenye povu la mteja. "Nikunyoe?"

"Leo hapana."

"Haya."

Wakakaa hivyo, yeye juu ya ndoo, kaka chini. Ukumbini tukasikia hodi, nikaingia bafuni, nikaurudishia mlango.

Walikuwa wamekuja kumjulia hali: mwalimu mkuu, na wazazi kadhaa, wamebeba matunda kwenye mfuko. Mama yake Kasuku alikuwemo, na Kasuku mwenyewe. Mama yangu akawapokea kwa bashasha, akawaketisha, akamimina chai. Bafu letu na ukumbi vimetenganishwa na ubao tu, tulisikia kila neno.

"Pole sana na mgonjwa," mwalimu mkuu akasema.

"Tumeshapoa. Ni homa tu, mwanangu, homa za siku hizi si unazijua? Amelala. Tusimsumbue."

"Hapana, tusimsumbue," wakaitikia wote, na ilisikika kwamba wamefarijika.

Wifi akainuka. Alipita kati yangu na kaka, akaufungua ule mlango, akatokea ukumbini. Mtandio aliuacha bafuni. Nilimfuata nyuma, nikaona vikombe vimesimama njiani kati ya sahani na midomo.

"Sina homa, mama," akasema.

Mama alikuwa ameshasimama, ameshavua mtandio wake mwenyewe, anamwendea ili amfunike. "Mwanangu, rudi ndani, utapigwa na baridi."

Wifi akamshika mkono, kwa upole, akauteremsha. "Acha, mama. Sina homa. Nina ugonjwa wa homoni. Nina ndevu. Sina mtoto. Silali, na kuna siku nataka kufa. Hiyo ndiyo homa yangu."

Mwalimu mkuu alikuwa anautazama mkoba wake. Pazia la saluni lilifunguka kidogo, yule bwana mnene akachungulia na nusu ya uso wake ina povu lililokauka, akaona mambo, akalifunga. Ndipo Kasuku aliyekuwa amekaa kwenye mapaja ya mama yake akageuka, akamtazama usoni.

"Si nilikwambia, mama? Na wewe ukanifinya."

Mama yake akamziba mdomo. Wifi akasogea, akachutama mbele yao.

"Alikufinya wapi? Nionyeshe."

Kasuku akajinasua, akanyoosha mkono. Alama ilikuwa imeshafutika zamani, lakini alijua ilipokuwa, akaigusa kwa kidole.

"Hukusema uongo," wifi akamwambia. "Ulisema kweli, ukafinywa bure. Pole."

Mtoto akanyoosha mkono ule ule, akamshika kidevu. Akapapasa huku na huku, kwa makini, kama anayechagua embe.

"Umemshinda babu," akasema.

Wifi yangu akacheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, halafu kikageuka kilio katikati, akabaki amechutama pale sakafuni, kaka amemshika mabega kwa nyuma. Wageni waliondoka bila kumaliza chai. Matunda waliyasahau mezani pamoja na mfuko wake.

Ningependa kuwaambia mambo yalitengemaa. Hayakutengemaa hivyo. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa na habari, na kuna walioitia chumvi. Darasa hakurudishiwa. Mwalimu mkuu alisema wazazi hawajawa tayari, ingawa hakuna mtu aliyesikia mzazi yeyote akiulizwa. Mama yake Kasuku humsalimia kutoka ng'ambo ya barabara, kwa kuinua kichwa tu. Muuza mkaa ameacha kumwita bi harusi. Naona hajui amwite nani, siku hizi anasema tu "mwalimu", na jina hilo linamuuma kuliko lile la kwanza, maana ualimu wenyewe haupo.

Alirudi hospitali, safari hii kaka akafunga saluni wakaenda pamoja. Alimwambia muuguzi kwamba halali na kwamba anawaza kufa, na muuguzi akaweka kalamu chini, akavuta kiti. Kumbe tatizo hilo lina kliniki yake, lina dawa zake, na wapo wanawake wengine wenye ndevu na vifuko na machozi, wanakaa kwenye benchi moja wakisubiri kuitwa, wengine wamejifunga mitandio hadi puani. Dawa zimemrudishia usingizi. Mtoto hakuna, na daktari hakumdanganya. Zipo asubuhi anazonyoa, mlango wa bafu uko wazi na kaka anampigia kelele asitumie maji baridi. Zipo asubuhi anazoelekea ukuta, na siku hizo bado zinatutisha. Mwanangu namweka kitandani kwake bila kuomba ruhusa ya mtu. Mtoto anamvuta kidevu, naye anamrembulia macho, wanazozana.

Mama ndiye aliyetaabika zaidi kujifunza. Juzi wifi hakuamka, na jirani mmoja akapiga hodi kumuulizia. Nilikuwa kwenye cherehani. Mama akafungua mlango, nikasikia anavuta ile pumzi yake ya kusema neno lake, nikasimamisha mguu kwenye pedeli nisikie. Akaufungua mlango wote.

"Leo ana huzuni," mama akasema. "Pita ndani, ukakae naye."